Kaka amekula sangara maisha yake yote, leo akimla anavimba. Mwili umemgeukaje?

#1 Mwaloni_Damu
Wakuu habari za jioni.
Tumezaliwa Kirumba, nyumbani kwetu sangara na sato ndiyo mboga, nyama ni ya sikukuu. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi kiwanda kimoja cha minofu hapa mjini, kitengo cha kuchuna na kukata. Alianza kuwashwa vidole, tukasema ni maji ya barafu. Ikaja chafya na kifua kubana, ila akiwa zamu tu. Siku ya mapumziko yuko mzima. Sasa juzi kala sangara wa kuchemsha nyumbani. Haikupita nusu saa midomo imevimba, vipele vikubwa mwili mzima, sauti imekauka. Zahanati wakamchoma sindano, akatulia.
Kinachonichanganya ni hiki: dagaa anakula bila shida yoyote. Sato hajajaribu, anaogopa.
Sitafuti dawa humu. Nataka kuelewa: kitu umekila tangu utotoni, mwili unakigeuka vipi ukubwani? Na unajuaje huyu ni sangara, huyu ni dagaa? Wajuzi karibuni.

#2 Igoma_Ndani
Nimevuta kigoda. Ila kwa bei ya sangara siku hizi hata mimi nikisikia tu navimba.

#3 Ng'wana_Sengerema
Mwadela wakuu. Mleta mada, mwiko wa ukoo wenu ni nini? Kuna koo hazigusi samaki fulani na wazee walikuwa na sababu zao. Ulizeni upande wa mama kabla hamjakimbilia maabara.

#4 Maabara_Bugarika
Mwiko tuuache kwanza, @Ng'wana_Sengerema.

Kizio kikuu cha samaki, yaani kile kinacholeta mzio, kinajulikana: ni protini inaitwa parvalbumini. Ndogo sana, kilodaltoni 12 hivi, imejaa kwenye nyama nyeupe ya samaki. Kazi yake ni kunyakua kalsiamu ili msuli uliojikunja ulegee haraka. Ina mikunjo mitatu ya aina moja, na miwili kati yake ndiyo inayoshika kalsiamu. Kalsiamu ikishakaa humo, protini nzima inakaza, na ndiyo maana kuchemsha, kukaanga, hata asidi ya tumbo haviimalizi. Maabara wakiinyang'anya kalsiamu, umbo linalegea, na kingamwili nyingi zilizokuwa zinaishika zinashindwa. Protini ni ileile, asidi amino ni zilezile kwa mpangilio uleule. Kilichobadilika ni umbo tu.

Kwa hiyo swali lako la "unajuaje huyu ni sangara" jibu lake ni kwamba haujui. Kingamwili inashika kipande cha uso wa protini. Kipande hicho kikiwa kwa sangara na sato, wote wawili watamvimbisha. Kama kwa dagaa asidi amino chache zimebadilika mahali palepale, anaweza kupona. Barramundi wa Australia ni jenasi moja na sangara wetu, wote ni Lates, na parvalbumini yake imeorodheshwa kimataifa kama kizio kwa jina Lat c 1.

#5 Bwiru_Boy
Umetisha mkuu. Ila hujasema midomo inavimbaje. Kingamwili imeshika, halafu?

#6 Mvuvi_Mstaafu
Mnamzungusha bure. Huyo kala samaki aliyelala. Samaki asipopata barafu mapema, bakteria wanageuza histidini ya nyama kuwa histamini, na histamini haifi kwa moto. Uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Nimeona mtumbwi mzima wanajikuna. Hiyo ni sumu, siyo mzio.

#7 Dada_Pasiansi
Shikamoo mzee @Mvuvi_Mstaafu. Mimi ni muuguzi. Sumu hiyo ipo kweli, ila inajulikana zaidi kwa jodari, vibua na jamaa zao wa baharini, wenye histidini nyingi kwenye nyama. Na ikitokea inawapata karibu wote waliokula sahani hiyo. @Mwaloni_Damu, wengine nyumbani walikula sangara yuleyule?

#8 Mwaloni_Damu
Tulikula sita. Aliyevimba ni yeye peke yake.

#9 Mvuvi_Mstaafu
Marahaba binti. Kipande chake ndicho kilichokuwa kibaya. Samaki mkubwa haozi sawasawa.

#10 Igoma_Ndani
Mzee haachii kamba 😂

#11 Maabara_Bugarika
@Bwiru_Boy nakuja kwenye swali lako, na kwangu hapa ndipo utamu wote ulipo.

Kingamwili inayohusika ni IgE. Kwenye damu ni kidogo mno na haidumu, siku mbili hivi nusu yake imeisha. Ila ikipata seli za masti, zile zilizotandazwa chini ya ngozi, puani, kwenye njia ya hewa na utumbo, inakaa juu yake kwa wiki kadhaa. Kipokezi chake kwenye seli hiyo kinaishika kwa nguvu ambazo ni nadra kwenye mwili. Picha ya fuwele ya viwili hivyo vikiwa vimeshikana ilichapishwa mwaka 2000, ikaonyesha jambo la ajabu: mguu wa IgE una pande mbili zinazofanana, lakini kipokezi kimoja kinazikalia zote mbili kwa mkao usiolingana. Matokeo yake, IgE moja inachukua kipokezi kimoja, haiwezi kuvuta cha pili.

Hilo ndilo linalotuwezesha kuishi. Seli ya masti imejaa IgE za kila namna na haifanyi lolote. Mtumbwi wa mbao hauvutwi nchi kavu na mtu mmoja, akisukuma peke yake hausogei. Wakishika wawili kwa pamoja, unapanda. Kizio ndicho kinacholeta wawili pamoja: kikishikwa na IgE mbili kwa wakati mmoja, vipokezi viwili vinasogezwa karibu. Chini ya kila kipokezi kuna mikia inayoning'inia ndani ya seli, nayo ina sehemu maalumu zinazoitwa ITAM. Kimeng'enya Lyn kinabandika fosfeti kwenye sehemu hizo. Fosfeti zikishakaa, protini nyingine, Syk, inakuja na mikono yake miwili na kukaa juu yake kwa nafasi inayolingana kabisa. Syk ikiwaka, inawasha wengine, kalsiamu inafurika ndani ya seli, na vifuko vya histamini vinamwagwa nje. Dakika chache tu.

Kwa hiyo histamini ya mzee @Mvuvi_Mstaafu na ya kwangu ni kitu kimoja. Tofauti ni nani kaitengeneza: bakteria kwenye samaki, au mgonjwa mwenyewe.

#12 Bwiru_Boy
Yaani kalsiamu inamkaza parvalbumini, halafu kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayofungulia histamini? Hii dunia ndogo.

#13 Kamanga_Feri
@Maabara_Bugarika hapo kwa IgE moja naongeza. Kizio kidogo chenye sehemu moja tu ya kushikika hakivimbishi mtu, hata IgE yake iwe tele. Lazima kiwe na sehemu mbili au zaidi, na zisiwe mbalimbali mno wala kubanana mno. Ndiyo maana mtu anaweza kupima damu akaambiwa "una mzio wa samaki" na anakula sato kila Jumapili.

#14 Mabondo_Biashara
Wadau, mimi nanunua mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, nayaanika na kuyapanga, yanakwenda kwa Wachina. Mikono yangu inawasha miaka sasa ila nyama ya sangara nakula. Hiyo parvalbumini ipo kwenye mabondo?

#15 Maabara_Bugarika
Bondo sehemu kubwa ni kolajeni, siyo msuli. Na kolajeni ya samaki ni kizio kinachojitegemea. Wajapani wamekiandika sana. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotana, umbo tofauti kabisa na parvalbumini, hivyo IgE ya moja haina habari na nyingine. Lakini mikono kuwasha inaweza kuwa chumvi na majimaji tu. Ukiona malengelenge baada ya dakika chache, hiyo ni habari nyingine.

#16 Ng'wana_Sengerema
Mabondo yanaliwa na Wachina, sisi tunabaki na mapanki, mifupa iliyobaki minofu ikitolewa, na bado mzio unatupata sisi. Haki iko wapi.

#17 Mzee_wa_Nansio
Mmezungumza mengi ya kitaalamu, nami niongeze la kisiwani. Ukerewe utoto wetu wote tulikuwa na kichocho. Tunaoga ziwani, tunachota ziwani, tunavua ziwani. Sikumbuki mtoto mwenye pumu wala mwenye kuvimba kwa samaki. Siku hizi watoto wanapewa prazikwanteli shuleni, na pumu zimejaa. Mimi nasema minyoo ilikuwa inatulinda. Muulize huyo kaka yako kama hakumeza dawa za kichocho karibuni.

#18 Mwaloni_Damu
Shikamoo mzee. Alimeza kweli, kiwandani waligawiwa wote mwaka jana. Sasa umenitisha.

#19 Dr_Mtaa_wa_Pili
Mzee ana hoja na isidharauliwe. Mwaka 2000 ulitoka utafiti wa watoto wa Gabon: wenye kichocho ngozi zao ziliitika kidogo zaidi kwa vumbi la utitiri, na hilo lilikwenda pamoja na interlukini-10, sitokini (ujumbe wa kikemikali wa seli za kinga) inayotuliza. Walipotibiwa minyoo, baadaye mwitikio wa ngozi ukapanda.

Kinachovutia zaidi ni kwamba IgE yenyewe inaonekana iliumbwa kwa ajili ya minyoo. Mnyoo wa kichocho ana protini kwenye ngozi yake inayoitwa SmTAL1, na watu wazima wenye IgE nyingi dhidi yake huwa hawaambukizwi tena kirahisi. Sasa sikilizeni hii: SmTAL1 ina mikunjo ya kushika kalsiamu ya aina ileile iliyo kwenye parvalbumini. Familia moja ya maumbo. Sisemi IgE ya mnyoo inamshika sangara, hilo silijengi hapa. Nasema mwili una mazoea ya kushuku umbo la namna hiyo.

Kisumu, hapohapo ziwani, walifuatiliwa vijana wanaoosha magari huku wamesimama majini. Walitibiwa, wakaambukizwa, wakatibiwa tena. Baada ya tiba nyingi baadhi yao wakaanza kuwa wagumu kuambukizwa. Mnyoo anapokufa kwa dawa anamwaga protini zake zote, na mwili ndipo unazifahamu.

#20 Kamanga_Feri
Daktari, Gabon ni Gabon. Ziwa hilihili letu, visiwa vya Koome upande wa Uganda, walifanya jaribio la kugawa dawa za minyoo kwa wingi katika baadhi ya vijiji vya wavuvi, na vingine vikapewa kwa utaratibu wa kawaida, miaka kadhaa. Matokeo yalitoka 2019: hakuna tofauti kwenye mzio wala kwenye kifua kukoroma. Mzee asiwatishe watu wakaacha kumeza prazikwanteli. Kichocho kinaweza kuharibu ini.

#21 Mzee_wa_Nansio
Sikusema waache dawa, kijana. Nimesema nilichokiona.

#22 Dr_Mtaa_wa_Pili
@Kamanga_Feri jaribio la Koome nalijua. Lakini hata vile vijiji vya utaratibu wa kawaida vilikuwa vinapata dawa, na hata vile vya dawa nyingi kichocho hakikuisha. Huwezi kupima faida ya kitu ambacho hakijaondoka. Mayai ya kichocho yanatoa protini inayoshika IgE yoyote ile bila kujali inalenga nini, na kuzifanya basofili, seli za kinga za kwenye damu, zimwage interlukini-4. Mnyoo anacheza na vipokezi vyetu atakavyo. Hoja haijafungwa.

#23 Igoma_Ndani
Madaktari wakigombana mgonjwa ale nini jamani? 😂

#24 Muhaya_wa_Nyakato
Nimesoma uzi wote, mnazunguka mbuyu. Mtu alikula sangara miaka yote salama. Kilichobadilika ni kiwanda. Tuanzie hapo.

Kwenye mashine za kuchuna na maji ya presha, majimaji ya samaki yanakuwa ukungu. Anauvuta mapafuni zamu nzima. Mikono imelowa, imechubuka, na utumbo wa samaki una vimeng'enya vinavyokata protini, vikiwemo vya ngozi yako. Ngozi ikiumizwa inapiga kengele ya sitokini zake, mojawapo interlukini-33. Hapo interlukini-4 inatoka, inashika kipokezi chake kwenye seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, protini mbili za STAT6 zinapata fosfeti, zinashikana wawili wawili na kuingia kwenye kiini. Huko ndiko amri ya kutengeneza IgE inakotolewa. Bila kushikana, haziingii kazini. Mzio wa wafanyakazi wa viwanda vya samaki umeandikwa nchi nyingi, siyo Mwanza tu.

Daktari wa mzio Gideon Lack wa London ana hoja kwamba kinachoingia kwa mdomo mapema kinaufundisha mwili kuvumilia, na kinachoingia kwa ngozi iliyoharibika kinaufundisha kupigana. Utafiti wao wa karanga wa 2015 uliunga mkono sehemu ya mdomo: watoto wachanga waliolishwa karanga mapema walipata mzio kidogo sana kuliko walionyimwa.

#25 Ng'wana_Sengerema
Muhaya kaandika aya mbili bila Kiingereza. Tarehe iandikwe.

#26 Bwiru_Boy
@Muhaya_wa_Nyakato lakini hapo unajipinga. Huyu kaka alikula sangara tangu mtoto, amefundishwa uvumilivu miaka yote. Ngozi imewezaje kufuta somo la mdomo?

#27 Muhaya_wa_Nyakato
Dozi. Sahani moja jioni huwezi kulinganisha na ukungu wa saa nane.

#28 Kamanga_Feri
Hilo ni dai, siyo jibu. Wenzake wa zamu wanavuta ukungu uleule na wanakula sangara wakitoka kazini.

#29 Mama_Ilemela
Samahani natoka nje kidogo ya mada. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi asubuhi na kuingia mpaka jikoni, mwanangu akiwavuta anabanwa kifua. Nao wana protini hizo?

#30 Maabara_Bugarika
Mama, hujatoka nje. Mabuu ya jamii mojawapo ya wadudu wale yana hemoglobini, ndiyo maana mengine ni mekundu, na hemoglobini hiyo ni kizio kinachojulikana. Sudan kandokando ya Nile wamepata pumu nyingi kwa ndugu wa wadudu hao. Kwa hiyo kaka wa @Mwaloni_Damu, anayeishi Kirumba, kifua chake hakiwezi kulaumiwa kiwanda peke yake.

#31 Muhaya_wa_Nyakato
Kifua kinabana akiwa zamu tu, kapost namba moja. Wadudu wanaingia kazini kwa kadi?

#32 Dada_Pasiansi
Wakati mnabishana, kaka asije akafa. Sauti kukauka ni koo kuvimba. Siku ikirudi hiyo hali, piritoni haitoshi: inazuia histamini isikalie kipokezi chake, haizuii seli kuendelea kumwaga, na haifungui koo. Inayotakiwa ni adrenalini, ya kwenye msuli wa paja, haraka. Akimbizwe hospitali, asilazwe nyumbani asubiriwe. Na dagaa aache mpaka apimwe. Kula salama jana si dhamana.

#33 Mwaloni_Damu
Asante dada, tumekusikia. Vipimo gani aombe?

#34 Dr_Mtaa_wa_Pili
Kuchomwa ngozi kwa samaki mmoja mmoja, mbele ya daktari mwenye adrenalini mkononi. Kipimo cha IgE ya damu kwa watu wa ziwani kinadanganya. Ghana walikuta watoto wengi wenye IgE ya karanga damuni na karibu wote wanakula karanga bila tatizo. Ilikuwa IgE inayoshika sukari zilizobandikwa kwenye protini, na mwili uliijifunza kutoka kwa kichocho. Inashika hovyo, haivuti vipokezi viwili pamoja ipasavyo.

#35 Kamanga_Feri
Kama nilivyosema namba 13.

#36 Bwiru_Boy
Nimepekua nimekuta kitu. Mwaka 1921 huko Breslau, siku hizi ni Wrocław ya Polandi, Carl Prausnitz alikuwa na mwenzake Heinz Küstner mwenye mzio wa samaki. Akachukua majimaji ya damu ya Küstner, akajidunga kwenye ngozi yake mwenyewe, kesho yake akadunga samaki palepale. Pakavimba. Ndipo ikajulikana kuna kitu kwenye damu, kikaja kutambuliwa kuwa IgE na Kimishige na Teruko Ishizaka mwaka 1966. Sasa ajabu: Küstner alivimba kwa samaki aliyepikwa, mbichi hakumdhuru! Hii inaendaje na parvalbumini isiyobadilishwa na moto?

#37 Maabara_Bugarika
Swali zuri, nalo linaniumiza kidogo. Moto unaweza kuondoa umbo moja na kuzaa jingine: protini zinafunguka, zinagandamana, sehemu zilizofichika ndani zinajitokeza. Huenda IgE yake ilishika umbo la baada ya moto.

#38 Mvuvi_Mstaafu
Au samaki aliyepikwa ndiye aliyekuwa amelala.

#39 Igoma_Ndani
😂😂 Mzee apewe kombe lake.

#40 Mabondo_Biashara
Kuna dawa ya kukata kabisa, siyo kutuliza?

#41 Dada_Pasiansi
Kuna omalizumabu, ni kingamwili iliyotengenezwa ikamate IgE palepale inapotakiwa kushikwa na kipokezi, hivyo haiketi kwenye seli. Marekani waliiruhusu kwa pumu 2003 na kwa mzio wa vyakula Februari 2024. Ni ya sindano za mara kwa mara na bei yake usiulize. Haimfanyi mtu ale sangara atakavyo. Inampunguzia hatari akikosea.

#42 Muhaya_wa_Nyakato
Rahisi kuliko hiyo ni kuhamishwa kitengo. Aombe ufungashaji au stoo, mbali na maji ya presha.

#43 Mwaloni_Damu
Ameshaomba, wamesema wataangalia. Hospitali tunakwenda Jumatatu. Wabeja sana wote.

#44 Mama_Ilemela
Akikatazwa sangara na sato, atabaki na nini mtu wa Kirumba?

#45 Kamanga_Feri
Wengi wenye mzio huo wanamudu papa na taa, parvalbumini yao ni ya tawi jingine. Tatizo wako Dar na Tanga.

#46 Mzee_wa_Nansio
Na kamongo je, yule samaki mwenye mapafu? Kamongo hana nyama nyeupe ya sangara.

#47 Bwiru_Boy
Mzee, kamongo kiukoo yuko karibu na ng'ombe kuliko na sangara. Asijaribu kabla ya Jumatatu lakini.

#48 Ng'wana_Sengerema
Kamongo kwetu ni mwiko.